Lugha ya Majadiliano: Uhakiki wa Istilahi za Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza iliyofunguliwa Januari 2001. Leo ina makala yanayozidi 80,000, na walioyaandika ni watu wa kujitolea ambao hawalipwi kwa kazi hiyo. Mwalimu anayetayarisha somo, mtafsiri anayetafuta jina la mnyama au la nchi, na karani wa halmashauri anayetaka idadi ya watu wa kata, wote hao hufungua huko kwanza, hata kama baadaye hawakiri. Kwa sababu hiyo istilahi zinazotumika humo huenea kwa kasi ambayo orodha za ofisi haziwezi kuifikia.

Katika makala haya tunakusudia kuzipima baadhi ya istilahi hizo, hasa zile ambazo wahariri wenyewe huzitumia wanapozungumza na kugawana kazi. Mifano yetu tutaichukua zaidi katika mambo ya Kilwa na pwani ya Lindi, kwa kuwa huko tatizo laonekana waziwazi. Kata kama Pande Mikoma ina bahari, mikoko, wavuvi na magofu ya Songo Mnara jirani. Lakini kurasa za kata aghalabu hupewa mistari miwili mitatu tu, nayo huandikwa na mtu aliye mbali.

Jina lenyewe tuliache kama lilivyo. Neno wiki lililomo ndani yake si lile letu la siku saba. Limetoka katika Kihawaii, wikiwiki, maana yake upesi upesi, nalo lilichukuliwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995 alipotengeneza tovuti ya kwanza ya namna hiyo. Mwanafunzi akidhani kwamba ni kitabu kitokacho kila wiki tusimcheke, ila tumweleze. Ama kuhusu kamusi elezo, ambalo ndilo jina la aina ya kazi hii, hatuna ugomvi nalo. Lasemeka kwa wepesi kuliko ensaiklopidia, na msomaji aliyemaliza darasa la saba hulifahamu bila mkalimani.

Mtumishi wa serikali ataelewa kazi inavyofanyika akikumbuka jalada la ofisini. Upande mmoja wa jalada huwekwa barua zenyewe. Upande wa pili huandikwa madokezo, ambamo kila ofisa humtolea mwenzake rai, akatia sahihi na tarehe. Wikipedia nayo ni hivyo: kila makala yana ukurasa wa pili nyuma yake uitwao majadiliano. Anayeandika humo humaliza kwa kupiga viwimbi vinne, na mashine huvigeuza kuwa jina lake pamoja na saa na tarehe. Tena upo ukurasa wa historia unaotunza kila badiliko tangu siku ya kwanza, hata kosa la herufi moja lililosahihishwa usiku wa manane. Jalada hili latofautiana na yale ya masijala zetu kwa mambo mawili: halina muhuri wa siri, na hapana mkuu anayeandika chini yake kwamba shauri limekwisha. Shauri huisha kwa kukubaliana, na makubaliano yakikosekana hutakiwa chanzo kilichochapishwa.

Basi tuje kwenye maneno. Yako yaliyofanikiwa sana, na la kwanza ni mbegu. Makala mafupi mno, ambayo yanangoja kuongezwa, Kiingereza huyaita kwa neno lenye maana ya kisiki au kipande kilichobaki baada ya kukatwa. Aliyeunda istilahi ya Kiswahili hakufuata kisiki. Alitazama kazi inayotakiwa, akasema kwamba makala hayo bado ni mbegu. Huu ndio uundaji wa istilahi tunaoufundisha, yaani kuanza na dhana badala ya kuanza na neno la kigeni. Tanbihi na marejeo nayo yametumiwa barabara, na yamewarudishia vijana neno tanbihi ambalo lilikuwa limebaki katika vitabu vya wanachuoni.

Jamii ni habari nyingine. Ndilo neno linalotumika kwa fungu la makala yanayohusiana, kwa mfano fungu la kata za Mkoa wa Lindi. Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili lina maana ya kukusanya, kwa hiyo haliko mbali na shabaha. Lakini kwa msomaji wa leo jamii ni watu wanaoishi pamoja, na akiona ukurasa wa Kilwa umewekwa katika jamii fulani aweza kudhani anaambiwa kabila la wenyeji. Sisi tungependelea fungu. Hata hivyo twatambua kwamba neno limekwisha kukaa chini ya maelfu ya kurasa, na gharama ya kulihamisha si ndogo.

Tatizo kubwa zaidi liko katika majina ya watu wenyewe. Aliyejiandikisha huitwa mtumiaji. Mtumiaji wa barabara siye aliyeijenga. Mtumiaji wa maji ndiye anayechota. Hapa mtu anaandika, anasahihisha, anatafuta vyanzo, anabishana mpaka usiku, kisha jina analopewa ni la mtu aliyekuja kuchota. Neno mhariri nalo lina uzito wake, kwani katika magazeti yetu mhariri ni mwenye kauli ya mwisho juu ya kazi ya mwandishi, na katika Wikipedia hapana mtu wa namna hiyo. Neno lililo karibu zaidi na ukweli ni mchangiaji. Mchango twaujua wote: wa harusi, wa matanga, wa kujenga zahanati. Kila mtu hutoa alichonacho, daftari huandikwa, na hakuna anayesema kuwa jengo ni lake.

Neno linalohitaji kupimwa kwa makini kuliko yote ni mkabidhi. Hilo ndilo jina la wale waliochaguliwa na wenzao kufuta kurasa zisizofaa, kuzilinda zinazochezewa, na kuwazuia waharibifu. Kwa kanuni za unominishaji wetu mkabidhi ni yule anayemkabidhi mwingine kitu, kama mlezi ni anayelea na mlinzi ni anayelinda. Aliyepewa dhamana ni mkabidhiwa. Kwa hiyo neno limemgeuza mpokeaji kuwa mtoaji. Twadhani kivuli cha Kabidhi Wasii kimepita hapo, yaani ofisa wa serikali anayesimamia mirathi, ambaye cheo chake kwa Kiingereza huanza na neno lile lile waitwalo hao wa Wikipedia. Lakini mambo hayo mawili hayana udugu. Mmoja husimamia mali ya marehemu, na huyu wa pili husimamia uwanja wa watu walio hai wanaobishana. Msimamizi lingetosha, nalo halimtishi mtu.

Tengua nalo tuliseme kwa ufupi. Anayeondoa badiliko la mwenzake husemwa ametengua. Katika Tanzania ya leo kinachotenguliwa ni uteuzi wa mtu, na habari hutangazwa redioni. Kijana aliyetumia jioni nzima kuandika habari za kijiji chake, asubuhi akakuta kazi yake imetenguliwa, ataona amefukuzwa. Ondoa au rejesha ya awali yangesema jambo lile lile bila kumvunja moyo.

Kutoka kwenye maneno ya kazi twende kwenye sentensi za makala yenyewe. Kwa miaka mingi kurasa nyingi za kata ziliandikwa kwa sentensi moja iliyonakiliwa huku na huku: kwamba kwa mujibu wa sensa kata ina wakazi wapatao idadi fulani waishio humo. Kitenzi pata kikitumika hivyo huonyesha makadirio. Tutazame mkoa mzima: sensa ya 2012 ilihesabu katika Mkoa wa Lindi watu 864,652. Ukiandika wapatao 864,652 umemwambia msomaji kwamba huna hakika, kisha umemtajia mpaka yule mtu wa mwisho. Waishio humo nayo ni ziada, maana mkazi asiyeishi mahali hapo si mkazi. Na ina, badala ya ilikuwa na, hugeuka kuwa uongo siku sensa mpya inapotangazwa. Ile ya 2022 ilihesabu Lindi watu 1,194,028.

Hatutaji jambo hili ili kuwasuta wanaojitolea. Tunalitaja kwa sababu laonyesha mahali ambapo majadiliano hukosekana. Kata za nchi hii ni maelfu. Kosa la sentensi moja likiisha kunakiliwa, hapana mtu atakayelijadili katika kila ukurasa, na kila ukurasa ukijadiliwa peke yake masahihisho yatatofautiana. Mahali pake ni ukurasa wa pamoja wa wachangiaji: wakubaliane mara moja juu ya sentensi iliyo sahihi, waandike sababu, kisha mashine ipewe kazi ya kuisambaza. Kilichokuwa kikihitajika hapo tangu mwanzo ni mwalimu mmoja wa sarufi aliye tayari kuandika mistari mitano.

Walimu hao watakuta pia suala la makala yenyewe kama neno. Sisi tuliozoea kusema makala haya hushtuka kukuta Wikipedia ikiandika makala hii na makala hizi. Tukitafakari, twaona kwamba wanayo hoja. Anayesema makala haya hajatuambia kama ni moja au mengi, na katika kazi ambayo idadi ya makala huhesabiwa kila siku tofauti hiyo ina faida. Hatubadili mazoea yetu, lakini hatuwezi kuliita kosa mpaka lijadiliwe.

Sasa tuangalie bahari, maana hapo ndipo mtu wa Pande anapohitajika kuliko mtaalamu yeyote. Tuseme mchangiaji wa Arusha au wa Nairobi anatafsiri ukurasa kuhusu maji kujaa na kupwa. Katika Kiingereza maji makubwa ya mwezi mpya na ya mwezi mpevu yana jina ambalo, likitazamwa juu juu, lafanana na jina la majira ya kuchipua huko Ulaya. Mtafsiri asiyeijua pwani ataandika maji ya masika, au neno jingine la kubuni, wala kamusi ya lugha mbili aliyonayo huenda isimkataze. Kumbe Kiswahili kina bamvua tangu zamani, na kwa yale madogo kina maji mafu. Wanawake wa pwani ya Kilwa wanaokwenda mwambani kutafuta pweza huhesabu siku zao kwa bamvua, kwa sababu ndipo mwamba unapobaki wazi. Istilahi ipo, ina ufafanuzi, ina watumiaji na ina kazi. Anayekosekana ni mtu wa kuitamka katika ukurasa wa majadiliano kabla neno la kubuni halijaota mizizi.

Mikoko ina shida kubwa zaidi. Mwandishi wa mbali huandika mikoko akamaliza. Mtu wa mwambao anayekata boriti, zile zile zilizopakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Arabuni na Ghuba, hawezi kumaliza hapo. Kwake mkoko ni mti mmoja, ule wataalamu wauitao Rhizophora mucronata, na mbali na huo wapo mkandaa, yaani Ceriops tagal, mchu, yaani Avicennia marina, mlilana, yaani Sonneratia alba, na mkomafi, yaani Xylocarpus granatum. Majina hubadilika kidogo toka mwambao mmoja hata mwingine, na hilo nalo ni jambo la kuandikwa. Kamusi elezo haiwezi kutumia neno moja kwa mti mmoja na kwa kundi zima bila kumtahadharisha msomaji. Pendekezo letu ni kwamba mikoko, kwa wingi, ibaki jina la kundi, na kila mti upewe ukurasa wake kwa jina lake la pwani, majina mengine yakielekezwa huko. Lakini pendekezo la ofisini Dar es Salaam litakuwa na nguvu gani kama hakuna mkata boriti aliyeulizwa?

Hapa tunakutana na kanuni ngumu ya Wikipedia. Haipokei habari isiyo na chanzo kilichochapishwa. Mtu wa Pande akiandika jina la mti alilofundishwa na babake, ataulizwa ni kitabu gani, naye hana kitabu. Wapo wanaoona kanuni hii kuwa dharau kwa wazee wetu. Sisi hatuoni hivyo. Bila kanuni hiyo yeyote angebuni mti na kuupa jina. Ila yatubidi tukubali matokeo yake, kwamba lugha ambayo maneno yake hayajakusanywa na kuchapishwa itaandikiwa kamusi elezo kwa maneno ya lugha nyingine. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyotolewa na Baraza tangu miaka ya 1970 ni chanzo cha namna inayotakiwa. Orodha ya maneno ya uvuvi, ya vyombo na ya miti ya mwambao wa kusini, ikichapishwa na kuwekwa mahali panaposomeka na wote, ingempa yule mtu wa Pande kitu cha kukitaja katika tanbihi. Kijitabu kilichofungiwa kabatini hakimsaidii.

Jambo la pili ambalo Kilwa yatufunza ni namna ya kuandika mambo yenye hitilafu. Habari za kale za mji huo zimetufikia kwa njia mbili: tarikhi ya Kiarabu iitwayo Kitab al-Sulwa, na muhtasari wa Kireno ulioingizwa na João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Hazilingani kwa majina wala kwa mfuatano wa masultani. Tena Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, aliuweka mwanzo wa utawala wa Washirazi mwishoni mwa karne ya 12, ilhali waliofuata hesabu za tarikhi waliurudisha nyuma hadi karne ya 10. Mchangiaji hana ruhusa ya kuchagua ampendaye. Yampasa aeleze wote, akitaja nani kasema nini.

Kiswahili kina vyombo vya kazi hiyo, lakini havilingani. Yasemekana humficha msemaji. Inadaiwa ina harufu ya kituo cha polisi, kana kwamba tarikhi imeshitakiwa. Kwa mujibu wa ndiyo njia iliyo salama, kwa sababu hulazimisha jina la chanzo lifuate. Nayo kanuni yenyewe iitweje? Tumesikia kutofungamana, lakini neno hilo ni la siasa ya mataifa, nalo lahusu anayekataa kujiunga na kambi. Mwandishi wa kamusi elezo hakatai kambi; hubeba maneno ya kambi zote mbili kwa kipimo sawa. Kutoegemea upande lafaa zaidi, ingawa ni refu.

Wachangiaji wenyewe hutoka Tanzania, Kenya, Kongo na hata Ulaya, na kila mmoja huja na kiswahili chake cha kuitana na cha kuita vitu. Mkenya aandika tarakilishi, Mtanzania kompyuta, na ukurasa hauwezi kuwa na vichwa viwili. Kimoja huwa kichwa na cha pili huelekeza. Kwa adabu za pwani kijana hamrudishi mzee kauli hadharani, na katika majadiliano haya hajui kama anayembishia ni mzee au ni mwanafunzi wa sekondari. Wengi hujificha katika Kiingereza ili kuepa fadhaa hiyo. Hilo twalipinga kwa nguvu. Ndugu ni neno lililotosha kwa waziri na kwa mkulima katika miaka ya Azimio, na latosha hapa. Kadhalika hoja iliyojadiliwa kwa Kiingereza huacha istilahi bila ushahidi: mtafsiri atakayekuja miaka kumi baadaye atakuta neno, asikute sababu yake katika lugha anayoifanyia kazi.

Mwaka 2009 hadi 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, kwa zawadi. Makala yaliongezeka kwa muda mfupi. Shindano lilipokwisha, kazi ya kusafisha lugha iliwarudia wale wale wachache wasiongoja zawadi. Tunalikumbusha hili kwa wenzetu wa taasisi za lugha wanaofikiria kuingia kwa kishindo, kwa semina na vyeti. Ofisa wa istilahi akitaka kuingia, na aingie kama mchangiaji, asome majadiliano kwanza, aweke hoja na chanzo chake, atie viwimbi vinne kama wengine. Cheo chake hakitamsaidia humo; orodha iliyochapishwa na Baraza itamsaidia.

Yamebaki majina ya mahali. Pande peke yake haifai kuwa kichwa cha ukurasa, kwa kuwa neno hilo tayari ni wingi wa upande, ni kipande kikubwa, tena ni jina la msitu ulioko Dar es Salaam. Pande (Kilwa) lafaa kwa mahali, na Pande Mikoma kwa kata. Songo Mnara tunapendekeza liandikwe maneno mawili, kama lilivyoandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ambamo liliingizwa pamoja na Kilwa Kisiwani mwaka 1981. Kwa Songo Songo, kisiwa cha gesi, maandishi ya serikali yenyewe mara huunganisha mara hutenganisha. Hapo hatutoi hukumu mpaka wenyeji wa kisiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa wamesema wanavyoandika.